Mama Si Mkorosho

Kama nyumbani kwako kuna mzazi aliyeanza kusahau, na mtu ameshakuletea kopo la unga akakuambia ni dawa ya kisasa, kaa chini usome. Sitakueleza habari za ubongo kwa sababu sizijui, na wengi wanaozieleza huku kwetu hawazijui pia. Nitakueleza kilichompata mama yangu hapa Mnyambe, na kwa nini mpaka leo nikisikia mtu anaanza maneno yake kwa "wataalamu wamegundua", namtazama mikono kwanza.

Mimi naitwa Mama Swaumu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, mume wangu akaenda Mtwara kutafuta kazi, na mimi nikarudi kwa mama na mtoto mgongoni. Nilidhani narudi kulelewa. Niliyemkuta siye niliyemwacha.

Ilianza kipindi cha mvua. Mama alipanda mbaazi asubuhi, akala, akapumzika, akarudi shambani kuzipanda upya kwenye matuta yale yale. Nikasema amechoka. Kisha akaanza kuficha vitu. Leo kanga, kesho chumvi, kesho kutwa ufunguo wa mlango, halafu anatangaza kwamba kuna mwanamke anaingia ndani kumwibia. Mwanamke mwenyewe alikuwa mimi. Alikuwa ananitazama usoni kabisa na kuniambia, "Marahaba, nimekuitikia. Sasa weka chumvi yangu chini uende kwenu."

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nilikuwa nakwenda nyuma ya choo kulia, na hata huko sikulia kwa raha, kwa sababu majirani wanasikia. Na majirani walikuwa na maelezo yao. Mama alikuwa mmoja wa wanaoitwa kuwafunda wasichana kwenye unyago. Basi ikasemwa kwamba ametoa siri nje na wenzake wamemfunga akili. Wengine wakasema ni mimi, nimerudi kutoka kwa mume nimekosa pa kukaa, namchezea mama ili nibaki na nyumba. Nilijua ni akina nani waliosema. Nilikuwa nakutana nao kisimani, wananiuliza, "Mama anaendeleaje?" na mimi nawajibu, "Anawasalimia."

Hicho kisima nacho ni shughuli. Huku juu kwetu maji ni ya kutafuta, na mama alikuwa ameanza kujikojolea. Kama umewahi kufua shuka la mtu mzima kwa maji uliyooshea vyombo, huna haja ya kuelezwa. Kama hujawahi, usimhukumu anayeuguza ukimkuta amenuna.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakisumbui. Mama ana presha ya siku nyingi, na kila asubuhi alikuwa anameza kidonge chake kwa uji. Nampa, anameza, tunaendelea na vita vyetu vingine.

Sasa kaka yangu Mfaume. Ni mkubwa wangu, anakaa upande wa pili wa kijiji, na kazi inayomfanya ajulikane ni kupuliza salfa. Kwa msiolima korosho: mkorosho ukitoa maua hushikwa na ubwiriubwiri, ukungu mweupe kama majivu, maua yanakauka na mwaka wako umekwisha. Dawa yake ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Unapuliza alfajiri, kabla umande haujakauka, ili unga ushike kwenye ua. Jua likitoka umepoteza salfa yako. Na hupulizi mara moja. Unarudia, na ukungu ukizidi na wewe unazidisha. Mfaume anayajua haya kuliko anavyojua majina ya watoto wake. Watu wa mbali wanamwita mashambani kwao.

Msimu ule wa salfa alitoka gulioni Newala na kopo jeupe lenye karatasi ya picha ya kichwa cha mtu. Ndani mlikuwa na unga mweusi. Alikaa kwenye mkeka, hata maji hakunywa.

"Kichwani mwa mama kuna madonge," akasema. "Ya protini. Yanaganda mle ndani kama ubwiriubwiri kwenye ua, ndiyo maana hashiki kitu. Hii ni kaboni. Imesagwa mpaka chembe zake ni ndogo kuliko vumbi. Inaingia, inayavunja yale madonge, yanatoka."

"Protini si ile ya maharage?"

"Ndiyo hiyo, ikiharibika."

"Na hayo madonge nani ameyaona?"

"Dokta aliyeniuzia alinionyesha kwenye simu."

"Ya mama?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

Akakohoa. "Mzungu."

Nilichota unga kwa kidole nikauweka ulimini, nikatema. Ulikuwa mkaa. Nimepika kwa mkaa maisha yangu yote, siwezi kuukosea.

"Kaka, huu ni mkaa."

"Ndiyo, kaboni ni mkaa, si ulisoma kemia? Au ulikuwa unakwenda Newala kula maandazi?"

"Nilisoma. Ndiyo maana nakuambia ni mkaa."

Alinuna, na kesho yake alimwita mjomba kutoka Chidya. Kwetu mgonjwa akishakuwa wa kugombaniwa, neno la mjomba ndilo linalomaliza. Mjomba alifika kwa bodaboda, nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akasikiliza pande zote mbili. Kisha akaniuliza mimi, si Mfaume.

"Hospitali wamempa dawa gani ya kusahau?"

"Hawajampa, mjomba. Wamempa ya presha tu."

"Na wewe una dawa gani ya kusahau?"

"Sina."

"Basi apewe ya mwenye nayo. Anayekataa chakula cha mwenzake alete chake."

Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyonyamaza meno yananiuma, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki na jibu lake lilikuwa baya, na sikuona jinsi ya kuvitenganisha.

Mfaume alipanga saa mwenyewe. Alfajiri, kabla umande haujakauka. Hakuna aliyemwambia hivyo, kopo lenyewe halikuandikwa hivyo, lakini kwake unga wa kuua ukungu una saa yake na saa hiyo haina mjadala. Alikuwa anakuja na mashine ya salfa mgongoni, anaiegemeza ukutani, anakoroga kijiko cha unga mweusi kwenye uji wa mama, anahakikisha ameumaliza, ndipo anakwenda mashambani. Na kwa kuwa ule ndio uji pekee mama aliokuwa anaukubali asubuhi, kidonge cha presha nikawa nampa kwa uji huo huo.

Kopo la kwanza lilikwisha, akanunua la pili. Mama alibadilika. Meno yakapata mistari myeusi, choo kikawa cheusi kama lami, tumbo likakaza, anakaa chooni anaguna mpaka namwonea huruma. Mfaume akafurahi. "Umeona? Yanatoka."

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Alikuwa anajifunga kanga kichwani, anaikaza kwa mikono miwili kama mtu anayefunga mzigo. Asubuhi moja damu ya pua ilidondokea kwenye uji, akaendelea kunywa. Nilimwambia Mfaume tuache. Akanitazama kama mtu asiyewahi kuona shamba.

"Ukungu ukizidi huachi salfa. Ndiyo kwanza unaongeza." Akaongeza kijiko.

Mimi hapo nilikuwa nashuku, tena nashuku kila kitu, ila nilichokuwa nakishuku sicho. Ule unga nilikuwa nimeshauhukumu: ni mkaa, ni utapeli, hausaidii wala haudhuru. Nilivishuku vidonge. Safari ya mwisho nilipewa vya boksi la rangi nyingine, nikajisemea hivi ni feki. Nikateremka navyo Newala mpaka duka la dawa, Swaumu mgongoni, nikamwekea yule kijana pakiti juu ya meza mbele ya wateja.

"Mnatuuzia chaki."

"Dada, hivi ni vizuri. Kiwanda ni kingine, dawa ni ile ile."

"Mbona mama damu inamtoka puani?"

"Mpeleke akapimwe."

"Nimpeleke ili mseme nini, kwamba chaki ni nzuri?"

Alinionyesha tarehe, akanionyesha jina, akazungumza kwa upole mpaka nikazidi kumshuku. Mtu anayetukanwa halafu anakuwa mpole ana lake jambo, ndivyo nilivyowaza. Nilirudi nyumbani na hasira zangu na vidonge vyangu vilivyokuwa vizima kabisa.

Korosho za kwanza zilipoanza kudondoka, tulikuwa chini ya mikorosho yetu tunaokota. Mama alikuwa anatenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, vizuri tu, mikono yake ilikuwa haijasahau kazi hiyo. Nikamsikia ananiambia kitu, sikukielewa. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja na bibo limemtoka mkononi.

Jirani aliyekuwa anapakia magunia kwenye gari aliyashusha, akampakia mama. Tulishuka hadi Masasi kwa gari la korosho, mama amelala mapajani kwangu, Mfaume nyuma ameshika kichwa cha Swaumu kisigonge bodi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Watu wanasema benchi la hospitali kana kwamba ni kukaa. Si kukaa. Ni kumsikiliza mgonjwa wako anavyopumua na kuutazama mlango. Swaumu alikuwa analia njaa na mimi siwezi kumnyonyesha huku nimemshika mama asianguke. Mama mmoja wa Kimakua, anauguza mume, alimchukua Swaumu mgongoni kwangu bila kuniuliza, akampa kiazi, akamfunga mgongoni kwake. Nilimtazama vibaya, nikidhani ataondoka naye. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, wa kwangu wapo wanne, sihitaji wa tano." Huyo sikumuuliza jina, na ninajuta.

Daktari alikuwa binti wa rika langu. Alipima presha, akapima tena mkono wa pili, akaita mwenzake. Kisha akanigeukia.

"Vidonge vya presha anatumia?"

"Kila siku."

"Kila siku kweli?"

"Nampa mimi kwa mkono wangu."

"Mama, niambie ukweli tu. Watu wengi wanaacha. Kwa presha hii, huyu hajameza kidonge muda mrefu."

Sijawahi kutaka kumpiga mtu aliyevaa koti jeupe kama siku ile. Miezi yote ile, mashuka yote yale, halafu naambiwa simpi mama yangu dawa. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Nesi akaniambia nipunguze sauti. Daktari hakukasirika, akauliza tu, "Kuna kingine anatumia? Cha kienyeji, cha dukani, chochote?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, Mfaume akatangulia. Akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa kopo. Alikuwa amelibeba. Katika haraka zile zote, mama mdomo umepinda, yeye alikumbuka kupita nyumbani kuchukua kopo ili dozi isikatike.

"Hii tu," akasema. "Tunampa alfajiri."

Daktari alifungua, akanusa, akasugua unga kwa vidole. "Na kidonge anapewa saa ngapi?"

"Hapo hapo," nikasema. "Kwa uji huo huo."

Akaliweka kopo chini polepole. Akatueleza kwamba hospitalini unga wa mkaa wa aina hii wanao. Wanampa mtu aliyekunywa sumu, kwa sababu unaishika sumu tumboni isiingie mwilini. Lakini hauchagui. Ukikutana na kidonge unakishika pia, unatoka nacho. "Kwa hiyo ulikuwa unampa," akaniambia. "Ila hakikuwa kinafika."

Mfaume akauliza, sauti ndogo sana, "Na madonge?"

"Ni kweli wapo watafiti wanaojaribu chembe za kaboni ndogo mno, wanaona kama zinaweza kuvunja madonge ya protini. Wanajaribia maabara. Si hiki, na haziuzwi gulioni wala popote."

"Kwa hiyo yule mtu hakusema uongo?" nikauliza.

"Amechukua neno la kweli akalibandika kwenye kopo la mkaa."

"Na mama anayo hayo madonge?"

"Sijui. Hapa siwezi kuyaona. Kusahau kwake kunaweza kuwa ni hiyo, kunaweza kuwa presha yenyewe imeumiza mishipa ya kichwani siku nyingi."

Nilikaa chini, sakafuni. Tulikuwa tunatibu kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona, kwa kitu kilichokuwa kinakula dawa ya kile kinachoonekana. Na ungekuwa uongo mtupu ningeushinda. Uongo mtupu una harufu. Huu ulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana kila nikiupiga haukuanguka.

Mama alilala wodini, mimi na Swaumu tukawa tunalala kwa ndugu wa pale Mkomaindo, karibu na hospitali. Mfaume alikuwa anashinda kibarazani mwa wodi, haingii. Siku ya pili nilimfuata pale pale.

"Mama si mkorosho, Mfaume."

"Najua."

"Hujui. Unampuliza kama mti. Au ulitaka mikorosho? Sema tu. Ulitaka afe uichukue."

Ndipo aliponyanyua uso. "Hiyo mikorosho nani ameipuliza miaka yote uliyokuwa kwa mumeo? Ningeitaka ningeacha kuipuliza tu. Ingekauka, ukabaki na kuni."

Hata hivyo sikumwamini. Sijui kama unaelewa. Niliona machozi yake na bado nikawaza, huyu amebeba kopo mpaka hospitali.

Presha ilishuka taratibu. Mdomo ulirudi karibu mahali pake, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Choo kikarudi rangi yake, na nakuambia nilishukuru kwa choo kile kama watu wanavyoshukuru kwa mtoto wa kiume. Kusahau kulibaki pale pale. Daktari alituaga kwa neno moja: kidonge kisikose hata siku moja, safari nyingine kama hii hatarudi.

Tuliporudi Mnyambe mvua zilikuwa zimeanza. Siku ya gulio nilikwenda Newala kumtafuta mtu wangu, yule muuza makopo. Alikuwepo, na kipaza sauti chake na picha zake za vichwa.

"Umemfanya mama yangu apooze," nikamwambia.

"Mama, dozi mlimaliza?"

"Makopo mawili."

"Ah. Dozi ni matatu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema yeye mkewe amepata nafuu kwa unga huo huo, nimwache mtu atafute riziki. Nilikinyakua kipaza cha jamaa. Niliwageukia kina mama waliosimama, nikauliza ni nani hapa anauguza mtu mwenye vidonge vya presha, vya sukari, vya kifafa, vyovyote, na anampa pamoja na hiki. Jamaa akanipokonya kipaza. Lakini nilipokuwa naondoka mwanamke mmoja alinifuata hadi kwenye maduka ya nguo, akanivuta kanga. "Mwanangu ana kifafa," akasema. "Nampa vyote pamoja." Nilimpeleka mwenyewe duka la dawa kwa yule kijana niliyemtukana. Alinikumbuka. Akamhudumia mwenzangu vizuri, mimi hakunitazama, na ni haki yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma: sikukatazi kutumaini. Huenda siku moja hizo chembe zitakuja kweli, zimepimwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni na mama yangu. Lakini chochote utakacholetewa leo, kipeleke kwa anayempa mgonjwa wako vidonge, uulize vikikutana tumboni kinatokea nini. Uliza hata kama kinaonekana hakina kitu. Hasa kama kinaonekana hakina kitu.

Nyumbani hatukupumzika. Mama alikataa kidonge. Nikimpa anakaza meno. Nikikiponda kwenye ndizi anaitema ndizi. "Huyu mwanamke ananilisha sumu," alikuwa anawaambia wapita njia, na wapita njia walikuwa tayari kusikia. Siku iliyofuata vile vile. Kichwa kikaanza kumuuma tena, akachukua kanga akaanza kujifunga, na mimi nikaona gari la korosho linarudi.

Nilimtuma mtu amwite Mfaume. Alikuwa hajakanyaga kwetu tangu turudi. Alisimama mlangoni, mama akamwona, akanyooka mgongo kama binti mdogo.

"Baba, umekuja," akamwambia.

Mfaume amerithi jina la babu yetu mzaa mama. Aliingia, akaketi mbele yake, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. Nilimpa kidonge. Mama akafungua kinywa, akameza kwa maji, akauliza kama baba ameshakula.

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Vidonge navifungia mimi, lakini mama hapokei kwa mtu mwingine ila kwa yule aliyekaribia kumuua. Anakuja kila alfajiri, msimu wa salfa anaiacha mashine yake nje, ananyoosha kiganja. Naweka kidonge. Kisha namwambia, "Fungua na mkono wa pili nione." Anaufungua, mtupu, anaushikilia hewani mpaka niridhike, wala hajawahi kuniuliza nitaacha lini.